Kasi Imeshuka: Ni Mlima, Ni Mvua, au Ni Saa?

Ardhi haitulii hata dakika moja. Weka seismomita, yaani kifaa cha kupima mitikisiko ya ardhi, juu ya mwamba mgumu usiku wa manane, mbali na barabara na mitambo, na bado utauona mstari ukiyumba. Sehemu kubwa ya mtikisiko huo hutoka baharini. Mawimbi ya maji yanayokutana uso kwa uso husukuma sakafu ya bahari kwa kipindi, yaani muda wa msukumo mmoja, cha sekunde 5 hadi 8 hivi, ambacho ni nusu ya kipindi cha mawimbi yenyewe. Mwanahisabati Michael Longuet-Higgins alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1950. Kuanzia hezi 1, yaani mtikisiko mmoja kwa sekunde, kwenda juu, upepo, mito, magari na mashine huongeza kelele zao. Kwa miaka mingi kelele hii ilihesabiwa kuwa uchafu wa kuchujwa ili tetemeko lionekane. Sasa ndiyo tunayoitumia kusikiliza volkano.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachukua rekodi za siku nzima za vituo viwili na kuzipigia korelesheni, yaani kuitelezesha rekodi moja juu ya nyingine na kuhesabu zinafanana wapi. Kinachobaki ni wimbi linalofanana na lile ambalo lingepatikana kama ungeigonga ardhi penye kituo kimoja na kusikiliza kwenye kingine. Mkia wa wimbi hilo, yaani sehemu inayochelewa kwa sababu imegongana na nyufa na matabaka mengi kabla ya kufika, umezunguka sana ndani ya mlima, kwa hiyo unahisi mabadiliko madogo mno. Mwamba ukifunguka nyufa, kasi ya mawimbi hushuka na mkia hurefuka. Nyufa zikibanwa, kasi hupanda na mkia hufupika. Tunapima ni kiasi gani mkia wa leo unapaswa kuvutwa au kubanwa ili ulingane na mkia wa rejea, yaani ule wa kipindi tulichokichagua kuwa cha kulinganishia. Mwaka 2008 Florent Brenguier na wenzake walionesha kwa njia hii kwamba kwenye volkano ya Piton de la Fournaise, kisiwani Réunion, kasi ilishuka kwa takriban asilimia 0.1 siku kadhaa kabla ya milipuko.

Tuitafsiri hiyo asilimia 0.1. Kwenye sekunde ya 30 ya mkia, ni mwachano wa sekunde 0.03. Kama mtambo unachukua sampuli 100 kwa sekunde, ni sampuli tatu tu. Kitu chochote chenye uwezo wa kusogeza sampuli tatu kinaweza kujifanya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopanda, na vitu hivyo ni vingi. Naiamini sana mbinu hii, na kwa sababu hiyohiyo sitaki grafu yake ifikishwe mbele ya watu wanaoamua kuhamisha vijiji kabla haijahojiwa. Dalili zinazofuata nimezipanga kwa jinsi ninavyozikagua mimi, nikianza na zile ambazo sababu yake huthibitishwa upesi.

## Kabla ya yote, uache wastani

Mstari mmoja wa wastani wa mtandao mzima humficha mgonjwa. Chora kila jozi ya vituo peke yake. Chini yake weka michoro mingine miwili: mgawo wa ulinganifu, yaani mkia wa leo unafanana na wa rejea kwa kiasi gani (1 ni kufanana kabisa, 0 ni kutofanana hata kidogo), na idadi ya saa za data zilizopatikana siku hiyo. Ukiwa na picha hizo tatu kwenye ukurasa mmoja, nusu ya matatizo yaliyo hapa hujitaja yenyewe. Mgawo ukianguka chini ya kiwango ulichojiwekea, namba ya kasi ya siku hiyo itupe, hata kama imekaa pazuri kwenye grafu.

## Dalili: mkia haulingani na rejea tangu mwanzo

Hapa hakuna mabadiliko ya kupima, kwa kuwa wimbi lenyewe bado halijazaliwa. Mara nyingi umejumlisha siku chache mno. Korelesheni ya siku moja kati ya vituo vilivyo mbalimbali huwa bado imejaa ukungu. Jumlisha siku 5, kisha 10, kisha 20, uone mgawo unapanda vipi. Ukipanda na kutulia, umepata urefu wako wa rundo, yaani idadi ya siku za kujumlisha pamoja. Usipopanda kabisa, sababu iko kwingine.

Angalia kama matetemeko yamefutwa athari. Tetemeko moja kubwa katika saa 24 lina nguvu kuliko kelele ya siku nzima, na korelesheni yote itakuwa ya tetemeko hilo. Ndiyo maana watu hukata kilele cha mawimbi au hubakiza alama ya chanya na hasi peke yake, kisha husawazisha spektra, yaani mgawanyo wa nguvu kwa kila masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde), ili masafa yote yawe na sauti sawa. Angalia pia kama masafa uliyochagua yana kelele ya kutosha mahali pako, na kama umbali kati ya vituo ni mkubwa kupita kiasi kwa masafa hayo: kwa hezi 2 na zaidi, kelele hunyonywa na mwamba wa volkano kabla ya kwenda mbali. Kama vituo viko mbalimbali sana, jaribu korelesheni kati ya vipande vitatu vya kituo kimoja, yaani wima, kaskazini na mashariki. Njia hiyo imewahi kutumika kwenye Piton de la Fournaise pia, na kwa mlima wenye kituo kimoja ndiyo pekee iliyopo.

## Dalili: grafu imeruka ghafla, na jozi zote zilizoruka zina kituo kimoja

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inapendeza macho. Mabadiliko ni safi, yanaonekana kwenye jozi nyingi, na mgawo wa ulinganifu uko juu. Niliwahi kukaa mbele ya grafu ya jozi tano zilizoruka wiki moja, nikaanza kuandika taarifa. Nilipoziandika jozi hizo kwenye karatasi nikaona zote zinashiriki kituo kimoja. Waya wa antena yake ya GPS ulikuwa umeng'atwa na panya.

Saa ya kituo hurekebishwa na GPS; ikiipoteza hubaki ikitegemea kioo chake cha kwatsi. Kioo kinachokosea kwa sehemu moja tu katika milioni hupoteza sekunde 0.086 kwa siku. Linganisha na ile sekunde 0.03 ya mlima: siku moja bila GPS inatosha kutengeneza onyo kubwa kuliko la mlipuko.

Habari njema ni kwamba kosa la saa lina sura yake, na sura hiyo haifanani na ya mwamba. Korelesheni ina pande mbili, kulia na kushoto ya sifuri: upande mmoja ni wimbi la kutoka kituo cha kwanza kwenda cha pili, mwingine ni la kurudi. Kasi ya mwamba ikishuka, pande zote mbili husogea mbali na sifuri, na mwachano hukua kadiri unavyokwenda mbali mkiani. Saa ikikosea, wimbi lote husogea kuelekea upande mmoja: kulia linachelewa kwa kiasi kilekile ambacho kushoto limewahi, na mwachano ni ule ule sekunde ya 10 na sekunde ya 40. Kwa hiyo pima kila upande peke yake. Kulia kukisema kasi imeshuka na kushoto kukisema imepanda, nenda kaangalie antena.

Jaribio la pili ni la pembetatu. Chukua vituo vitatu, A, B na C. Msogeo wa A na B ukiujumlisha na wa B na C, unapaswa kupata wa A na C. Ukipangilia hivyo kwa mtandao mzima unaweza kupata kosa la saa ya kila kituo kwa kila siku, na hata kuzirekebisha data za zamani badala ya kuzitupa. Hii ni zawadi ya kelele ambayo wengi hawaitumii: inapima saa zako bure. Usisahau pia sekunde za nyongeza zilizowekwa kwenye saa za dunia mwishoni mwa Juni 2012, Juni 2015 na Desemba 2016. Ukifanyia kazi kumbukumbu za miaka hiyo na ukaona mruko wa sekunde moja kamili, huna haja ya kutafuta zaidi.

Kama saa ni nzima, uliza kama kuna mtu aliyekwenda kituoni. Kihisi cha zamani cha hezi 1 kikibadilishwa kwa cha masafa mapana, mawimbi ya hezi 0.5 hadi 1 hupita kwenye kihisi kipya kwa fezi tofauti, yaani vilele vyake huwahi au huchelewa, na korelesheni itasogea hata kama ukubwa wa mawimbi umesawazishwa. Tiba ni kuondoa mwitikio wa kihisi, yaani jinsi kihisi chenyewe kinavyolibadilisha wimbi, kabla ya korelesheni, kwa kutumia faili sahihi ya kila kipindi. Waya zikiunganishwa kinyume, wimbi hupinduka na mgawo hugeuka kuwa hasi siku hiyohiyo. Hilo hujulikana mara moja. Kihisi kikichimbuliwa na kuzikwa upya mita chache pembeni, mkia nao hubadilika kidogo, hasa kwa masafa ya juu. Kwa hiyo daftari la kituo lina thamani sawa na data yenyewe. Kila safari iandikwe: tarehe, saa, kilichoguswa, aliyekigusa.

## Dalili: kasi huanza kushuka kabla ya kila tukio, kwa idadi ileile ya siku

Umegundua utabiri. Kila mlipuko, na kila tetemeko la karibu, linatanguliwa na mshuko wa siku tano. Kabla ya kufurahi, fungua programu yako utazame rundo linalosogea limepangwa vipi. Kama unajumlisha siku 10 na tarehe umeiweka katikati, basi namba ya tarehe 15 ina data za hadi tarehe 20 ndani yake. Mshuko uliotokea baada ya tukio umemwagika nyuma, ukajionesha kama dalili ya awali. Tarehe lazima iwekwe kwenye siku ya mwisho ya rundo. Grafu itaonekana kuchelewa, na huo ndio uchelewaji halisi atakaokuwa nao mtu aliye zamu usiku. Vichujio vya kulainisha grafu navyo hufanya kosa hilohilo vikipita mbele na nyuma.

Mtego wa pili uko kwenye rejea. Kama wimbi la rejea limejumlishwa kutoka data zote, pamoja na za kipindi cha mlipuko, unajaribu kumpima mgonjwa kwa kipimajoto kilichowekwa kwenye homa yake. Tumia kipindi tulivu, au linganisha kila siku na kila siku nyingine kisha utatue kwa pamoja. Ni hesabu nzito lakini haina haja ya rejea moja.

## Dalili: grafu inapanda na kushuka pamoja na majira

Hapa kuna visa viwili vinavyofanana sura na vinahitaji tiba tofauti kabisa.

Cha kwanza ni maji. Mwaka 2006 Christoph Sens-Schönfelder na Ulrich Wegler walichapisha kipimo cha kasi kwenye volkano ya Merapi, Indonesia, na walichokiona kilikuwa hasa mvua na kina cha maji ya ardhini. Maji yakijaa kwenye vinyweleo vya mwamba, shinikizo lake husukuma nyufa zisibanwe, na kasi hushuka. Mvua ikikatika, maji hushuka taratibu na kasi hurudi. Kwa mtu anayengoja magma, mshuko wa wiki mbili za mvua kubwa unafanana kabisa na anachokingoja.

Tengeneza mfano mwepesi: kila mvua inaiteremsha kasi kidogo, kisha athari yake inafifia siku hadi siku kwa kiwango kimoja. Jumlisha athari za mvua zote, linganisha na grafu, toa, kisha usome kinachobaki. Mambo mawili huharibu hesabu hii. La kwanza ni kipima mvua kilicho bondeni. Mvua ya mlimani ni nyingine. La pili ni baya zaidi: kulinganisha mfano wa mvua na data za kipindi chenyewe unachotaka kukihoji. Ukifanya hivyo mfano utaumeza mshuko wa magma na kuuita mvua. Mfano ufunzwe kwa miaka tulivu, kisha utumike bila kuguswa kwenye kipindi chenye shaka.

Msaada mwingine ni kugawa masafa. Mawimbi ya Rayleigh, yaani yale yanayosafiri kufuata uso wa ardhi, huhisi zaidi kina cha takriban theluthi ya urefu wa wimbi. Kasi ikiwa kilomita 1.5 kwa sekunde, wimbi la hezi 0.5 lina urefu wa kilomita 3 na linahisi kina cha kama kilomita 1. La hezi 2 linahisi mita 250 hivi. Mvua hufanya kazi yake juujuu, kwa hiyo huonekana kwa nguvu zaidi kwenye masafa ya juu. Mshuko ulio mkubwa kwenye hezi 0.5 na mdogo kwenye hezi 2 si tabia ya mvua. Penye baridi kali, kumbuka pia kwamba udongo ukiganda kasi hupanda, na theluji inayoyeyuka hufanya kazi ya mvua iliyochelewa. Joto la majira halizami zaidi ya mita chache, ila mkazo linaouleta kwenye mwamba hufika chini zaidi.

Kisa cha pili si cha ardhi kabisa: ni cha bahari. Dhoruba huhama kutoka kizio cha kaskazini kwenda cha kusini kufuatana na majira, kelele hubadilisha mwelekeo, na mchanganyiko wa masafa hubadilika. Mbinu ya kuvuta mkia hudanganyika kwa urahisi hapa. Zhongwen Zhan, Victor Tsai na Robert Clayton walionesha mwaka 2013 kwamba mabadiliko ya masafa ya kelele peke yake yanaweza kuzaa mabadiliko ya kasi ambayo hayapo. Ili kujua uko kwenye kisa kipi, pima vipande tofauti vya mkia. Badiliko la kweli la mwamba lililoenea hutoa asilimia ileile kutoka sekunde 10 hadi 20 na kutoka sekunde 30 hadi 40, na pande zote mbili zinakubaliana. Kisha rudia kipimo kwa mbinu inayolinganisha fezi ndani ya madirisha madogo ya muda badala ya kuvuta mkia wote. Mbinu mbili zikigombana, amini ugomvi wao. Bado hujapima kitu. Na mwanzo wa mkia usiukaribie. Kwa vituo vilivyoachana kilomita 6, wimbi la moja kwa moja hufika sekunde ya 4 hivi, nalo ndilo linaloathiriwa zaidi na mwelekeo wa kelele. Anza sekunde ya 8 au ya 10.

Upande mmoja wa korelesheni kuwa mkubwa kuliko mwingine si ugonjwa peke yake. Maana yake kelele nyingi inatoka upande mmoja, mara nyingi upande wa bahari. Ugonjwa ni chanzo kimoja kisichohama. Ghuba ya Guinea, kwa mfano, ina chanzo kinachotoa mtetemo wa kipindi cha sekunde 26 karibu bila kukoma, na mtu anayefanya kazi kwenye vipindi virefu huona wimbi lisilo na njia kati ya vituo vyake. Ukiona wimbi linalofika mapema kuliko kasi yoyote inayowezekana, tafuta chanzo cha namna hiyo.

## Dalili: kasi imebadilika wakati mlima unanguruma

Volkano iliyoamka hutoa mngurumo wa mfululizo, na mngurumo huo hufunika kelele ya bahari. Sasa korelesheni haisemi tena habari za njia kati ya vituo viwili; inasema mngurumo uko wapi. Kitu cha kwanza kutazama ni spektra ya kila saa. Mngurumo wenye sauti moja, tuseme hezi 1.5, hufanya korelesheni ilie kama kengele bila kufifia. Sauti hiyo ikipanda taratibu kwa asilimia 1, jambo la kawaida kwenye volkano, mbinu ya kuvuta mkia itaripoti kwa ujasiri mkubwa kwamba kasi ya mwamba imepanda asilimia 1. Pampu au jenereta iliyo karibu na kituo hufanya vilevile mzunguko wake ukibadilika. Ziba masafa hayo yaliyo membamba, au uhamie masafa ambayo mngurumo haufiki.

Hata hivyo, mngurumo si adui siku zote. Kilauea, huko Hawaii, Clare Donaldson na wenzake waliutumia mngurumo wenyewe, kati ya hezi 0.3 na 1, kama chanzo cha kelele. Kwa data za Juni 2011 hadi Novemba 2015 walipata kasi iliyofuatana vizuri na mwinamo wa ardhi kileleni. Siri ni uthabiti: chanzo kikibaki mahali pamoja na sauti yake ikabaki ileile, kinatumika. Kikihama, hakitumiki.

Jambo moja la kipindi hiki husahaulika. Majivu yakitua juu ya paneli za sola, betri huishiwa kabla ya alfajiri, na kila siku unapoteza saa zilezile za usiku. Rundo lako sasa limejaa kelele ya mchana, yenye upepo na shughuli za watu, na linalinganishwa na rejea ya saa 24. Hapo ndipo ule mchoro wa saa za data unapookoa siku. Jenga rejea nyingine ya saa hizohizo za mchana, linganisha mchana na mchana.

## Dalili: namba zimeganda kwenye ukomo, au zinaruka kwa hatua sawa

Kama programu inatafuta kati ya hasi 1 na chanya 1 kwa asilimia na majibu yanarundikana kwenye 1, panua ukomo. Yakiruka huku na huko kwa hatua zinazofanana, mkia wa leo umelinganishwa na mzunguko wa jirani: badala ya kilele na kilele chake, kilele na kinachofuata. Hutokea zaidi kwenye masafa membamba na mbali mkiani. Panua masafa, anza na dirisha la karibu zaidi, na utumie jibu lake kuongoza la mbali.

## Dalili: mgawo wa ulinganifu umeanguka na haurudi

Kasi ikibadilika sawasawa kila mahali, mkia hurefuka lakini sura yake hubaki. Sura ikiharibika, kitu kimebadilika mahali fulani: mwamba umepasuka, umejazwa, au umeondoka. Aprili 2007 kreta ya Dolomieu kileleni mwa Piton de la Fournaise ilididimia zaidi ya mita 300. Baada ya tukio kama hilo rejea ya zamani ni ya mlima mwingine, nawe huna budi kujenga mpya. Ila usiitupe dalili yenyewe kama takataka. Chora ramani ya jozi zilizopoteza ulinganifu, uone zinapitana wapi. Mara nyingi ramani hiyo inasema zaidi kuliko grafu ya kasi.

Kabla ya ramani, hakikisha tu kwamba si kihisi kilichofurika maji.

## Dalili: kasi imeshuka ghafla kwa vituo vyote, siku ya tetemeko

Hii kwa kawaida ni kweli. Mtikisiko mkali hulegeza mwamba, kisha mwamba hujiponya taratibu, haraka mwanzoni na polepole baadaye. Parkfield, California, kwenye ufa wa San Andreas, kasi ilishuka kwa takriban asilimia 0.08 baada ya tetemeko la Septemba 28, 2004, na kurudi kwake kulichukua miaka. Kosa ni kuusoma mshuko huo kama magma, au kuusoma urejeaji wake kama mlima unaobanwa. Ondoa mteremko huo wa uponaji kwanza, ndipo utafute kingine.

Lakini tazama ukubwa wa mshuko kati ya mahali na mahali. Baada ya tetemeko kubwa la Japani la Machi 11, 2011, mshuko mkubwa zaidi wa kasi ndani ya gamba la dunia haukuwa pale palipotikiswa zaidi. Ulikuwa chini ya maeneo ya volkano, ukiwemo Mlima Fuji. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2014 na Brenguier na wenzake ni kwamba mahali penye vimiminika vya moto vilivyo chini ya shinikizo, nyufa hufunguka kwa msukumo mdogo. Kwa hiyo kituo kinachoshuka kupita wenzake baada ya mtikisiko mmoja kinakuonesha palipo dhaifu.

## Dalili: mlima unavimba, lakini kasi imepanda

Si kosa la ishara, ingawa ishara nayo ikaguliwe: mkia ukirefuka kasi imeshuka, na kuna programu zinazotoa urefu wa mkia na nyingine zinazotoa kasi. Baada ya hapo, kumbuka kwamba uvimbe mmoja huvuta mwamba mahali fulani na kuubana mahali pengine. Kilauea, chemba ya magma iliyo kilomita 1 hadi 2 chini ilipovimba, sehemu kubwa ya mlima ilibanwa, nyufa zikafunga, na kasi ikapanda; ilipopungua, kasi ikashuka. Kinyume kabisa cha Piton. Hakuna kanuni ya kwamba mshuko ni hatari na mpando ni salama. Kila mlima una alama yake, na alama hiyo hujulikana kwa kuweka grafu ya kasi sambamba na vipimo vya mwinamo na vya GPS kwa miaka kadhaa.

## Dalili: grafu imetulia kabisa, na mlima umelipuka

Mei 22, 2021, Nyiragongo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulipasuka na lava ikafika viunga vya Goma. Uchunguzi uliochapishwa baadaye ulieleza mlipuko usio na dalili za kawaida za awali: mlima wenye ziwa la lava wazi una magma iliyokwisha kufika juu, na ukuta ulipopasuka haikuhitaji kujisukumia njia kwa wiki kadhaa. Kelele haiwezi kusikia mgandamizo ambao haukujengeka.

Kuna sababu nyingine zilizo mikononi mwetu. Huenda magma ilipanda upande ambao hakuna jozi ya vituo inayoupitia; mkia huhisi zaidi mazingira ya vituo vyenyewe na njia kati yao. Huenda masafa uliyochagua yanahisi mita 250 za juu, na kilichotokea kilikuwa kilomita 3 chini. Huenda rundo la siku 20 lililainisha jambo la siku mbili hadi likatoweka. Haya matatu yanapimika kabla: weka badiliko la kubuni kwenye mfano wa kompyuta, mahali na kina tofauti, upitishe kwenye hatua zako zilezile, uone ni lipi linatokeza kwenye grafu na lipi linazama. Matokeo yake yaandikwe juu ya kila taarifa unayotuma, kwa kilomita na kwa siku: mtandao huu unaona hadi kina hiki, ndani ya eneo hili, jambo lililodumu angalau siku hizi.